MKULIMA MBELE YA KAMERA: FUNZO KUTOKA KAZI ZA PUDOVKIN NA KAWAWA

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza historia ya chombo ambacho makada wengi wamezoea kukihesabu kuwa ni cha starehe tu, yaani sinema. Tutafanya hivyo kwa kufuata maisha ya kazi ya watu wawili. Wa kwanza ni Vsevolod Pudovkin, Mrusi, mwongozaji na mwigizaji wa filamu, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1953. Wa pili ni Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea mwaka 1926, ambaye kabla ya kujulikana kama kiongozi wa wafanyakazi, Waziri Mkuu na "Simba wa Vita", alijulikana kwa watu kama mwigizaji wa sinema.

Njia za watu hawa wawili hazikukutana. Mmoja alifanya kazi Moscow, mwingine Dar es Salaam. Lakini kila mmoja alishiriki katika filamu ambayo kisa chake kinaanzia mahali pamoja: mtu wa shamba anaondoka kwao na kwenda mjini. Filamu ya Pudovkin ni ya mwaka 1927, nayo inaitwa Mwisho wa St. Petersburg. Filamu aliyoigiza Kawawa ni ya mwaka 1952, nayo inaitwa Muhogo Mchungu. Kisa kinaanzia mahali pamoja, lakini jibu si moja. Tofauti hiyo ya majibu ndiyo tunayotaka kuichambua, kwa sababu swali lenyewe lingali hai: anayemwonyesha mkulima kwenye kitambaa cheupe anamwonyesha kwa faida ya nani?

Mtu wa shamba alikuwa nani?

Ni kosa la kinadharia kuzungumza juu ya mkulima bila kusema anakaa wapi na anaishi vipi. Kwa hiyo tuchukue mahali pamoja: Kumsenga, katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, upande wa Kibondo na Kasulu. Hii ni nchi yenye kustawisha maharage, mahindi, muhogo na migomba. Ufukara wake wakati wa ukoloni haukuletwa na udongo. Uliletwa na mpango wa uchumi ambao watu wa huko hawakuulizwa.

Mpango huo ulikuwa hivi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, lakini njia za kupata fedha hiyo karibu na nyumbani zilikuwa chache sana. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuwekwa kwa ajili ya kuvuta maendeleo ya Buha. Kwa watu wa milimani ilikuwa mlango wa kutokea. Katika miaka ya 1930, kwa hoja ya kupambana na ugonjwa wa malale, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka makazi yao ya kutawanyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, ambacho kiliyatazama maeneo kama Buha kuwa ghala la nguvu za watu.

Hivyo kijana wa Kumsenga alipoondoka kwao hakuwa mtu mwenye tamaa ya taa za mjini. Aliondoka kwa sababu kodi ilikuwa inamngoja. Alikwenda Tanga au Morogoro kukata mkonge, akaitwa manamba, akapewa kadi ya kipande yenye siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Baada ya mkataba wake alirudi na nguo, blanketi na fedha kidogo, na mara nyingi na kifua kibovu. Shamba lake lilibaki mikononi mwa mke na wazee. Msomaji aushike ukweli huu vizuri, maana filamu za mkoloni hazikuutaja.

Sinema ya mkoloni na nadharia yake

Majaribio ya kwanza makubwa ya kumtengenezea Mwafrika wa Afrika ya Mashariki filamu zake yalifanyika hapa hapa Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani na chini ya baraza la kimataifa la wamisionari, uliendeshwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri, karibu na Korogwe, katika milima ya Usambara. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji, na G. C. Latham alisimamia upande wa elimu. Zilitengenezwa filamu fupi 35, na lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likizionyesha.

Tukitazama mada zake tunaona sera iliyokuwa nyuma ya kamera: kodi, ngozi, mmomonyoko wa udongo, uuzaji wa kahawa, benki ya akiba ya posta. Mengine katika hayo yalikuwa na manufaa. Hakuna mkulima anayependa udongo wake uchukuliwe na maji. Lakini katika kila somo mwalimu ni yule yule na mwanafunzi ni yule yule. Kodi inaelezwa kuwa jambo jema, wala haulizwi mtu aliyeilipa kwa kutembea kutoka Buha hadi Tanga.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, iliyodumu hadi mwaka 1955. Kiongozi wake wa utengenezaji, William Sellers, aliyefanya kazi kwanza Nigeria, alijenga nadharia kamili kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hiyo aonyeshwe picha ndefu, za polepole, bila kuruka kutoka mahali hadi mahali, bila picha za karibu sana na bila mbinu yoyote. Hadithi iliyorudiwa mara nyingi kuunga mkono nadharia hiyo ni ile ya mbu: eti wanakijiji waliposhaona mbu amekuzwa akajaa kitambaa chote, walisema wao hawana shida, kwani kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo. Wazungu waliicheka hadithi hiyo kwa miaka mingi. Hawakujiuliza kama wanakijiji nao walikuwa wanawacheka wao.

Hapa inafaa tusimame, maana nadharia hii haikuwa jambo la ufundi tu. Ilikuwa nadharia ya kitabaka na ya ubaguzi. Ilisema kwamba mkulima anaweza kuona kitu kimoja kimoja, lakini hawezi kuona uhusiano kati ya kitu kimoja na kingine. Na mtu asiyeonyeshwa uhusiano kati ya kodi na mkonge, kati ya mkonge na faida ya London, anaweza kutawaliwa kwa muda mrefu.

Pudovkin: kuunganisha kilichotenganishwa

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1919, tarehe 27 Agosti, serikali ya Wabolsheviki ilitaifisha sinema. Lenin anakumbukwa kwa kuihesabu kuwa sanaa iliyo muhimu kuliko zote kwa mapinduzi yao. Sababu yake ni rahisi kuelewa: wengi wa wakulima wa Urusi walikuwa hawajui kusoma. Kwa hiyo tatizo lilikuwa lile lile lililomkabili Sellers. Lakini jibu lilikuwa kinyume chake.

Pudovkin alizaliwa Penza. Alisoma fizikia na kemia katika Chuo Kikuu cha Moscow. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza akachukuliwa jeshini, akajeruhiwa, akatekwa na Wajerumani mwaka 1915, akakaa mfungwa miaka mitatu hata alipotoroka. Aliporudi aliona filamu ya Mmarekani D. W. Griffith, Intolerance, akaiacha kemia akajiunga na chuo cha filamu cha serikali, na huko akafanya kazi na Lev Kuleshov. Alikuwa mwigizaji, mwandishi na fundi wa mandhari kabla ya kuwa mwongozaji. Jambo hili ni muhimu: alizijua kazi zote kwa mikono yake.

Mwaka 1926 alitoa Mama, kutokana na riwaya ya Maxim Gorky. Humo mwanamke wa tabaka la wafanyakazi, aliyeigizwa na Vera Baranovskaya, anawasaliti wenzake wa mwanawe kwa sababu ya kutojua, kisha kwa mateso anafahamu, na mwishowe anashika bendera. Mwaka 1927, katika kuadhimisha miaka 10 ya mapinduzi, akatoa Mwisho wa St. Petersburg.

Tukitazame kisa chake. Kijana wa shamba, kwa sababu ya ufukara, anakwenda mji mkuu kutafuta kazi. Mji ni mkubwa, sanamu za wafalme zinamtazama kutoka juu. Anafikia kwa mtu wa kijiji chao ambaye sasa ni mfanyakazi wa kiwanda na kiongozi wa mgomo. Kijana hajui mgomo ni nini. Anajua njaa tu. Anajiunga na wavunja mgomo, na kwa ujinga wake anasababisha mwenyeji wake akamatwe. Anapotambua alilolitenda anakwenda kudai mwenzake aachiliwe, anampiga bwana mkubwa, anafungwa, kisha anapelekwa vitani. Vitani ndiko anakojifunza. Mwaka 1917 anarudi akiwa miongoni mwa wale wanaoyashambulia makao ya wenye nguvu. Pudovkin mwenyewe anaonekana humo kwa muda mfupi akiigiza afisa wa Kijerumani, yeye aliyekuwa mfungwa wao.

Sehemu inayosifiwa zaidi katika filamu hiyo ni ile inayoonyesha vita. Tunaona askari wanakufa matopeni. Halafu tunaona soko la hisa, wenye mali wanapiga kelele kwa furaha kwa sababu bei zinapanda. Tunarudi matopeni. Tunarudi sokoni. Hakuna anayehubiri. Mtazamaji, awe amesoma au hakusoma, anaunganisha mwenyewe: hawa wanakufa, wale wanatajirika, na mambo haya mawili ni jambo moja. Hii ndiyo mbinu ambayo Sellers baadaye alisema mkulima haiwezi.

Pudovkin aliieleza mbinu hiyo katika maandishi yake juu ya ufundi wa filamu, yaliyotafsiriwa katika lugha nyingi. Kwake yeye filamu haipigwi, filamu hujengwa. Kila kipande cha picha ni kama tofali. Maana haimo ndani ya tofali moja, imo katika namna matofali yanavyopangwa. Mwenzake Sergei Eisenstein alishikilia kwamba vipande havina budi kugongana. Walibishana sana juu ya hilo. Lakini wote wawili walikubaliana katika jambo la msingi, yaani kwamba mtu wa kawaida ana akili ya kuona uhusiano wa mambo.

Mwaka uliofuata, 1928, akatoa Mrithi wa Genghis Khan, inayojulikana pia kama Tufani Juu ya Asia. Mwindaji wa Kimongolia anadhulumiwa na mfanyabiashara mgeni kwa ngozi ya thamani. Baadaye jeshi la wavamizi, lililoonyeshwa kuwa la Waingereza, linamkamata, na hati iliyokuwa kwake inawafanya waamini kuwa ni wa ukoo wa Genghis Khan. Basi badala ya kumwua wanamvisha mavazi na kutaka kumfanya mtawala wa bandia. Mwishowe anawageuka. Msomaji wa Tanganyika hahitaji mfasiri hapa. Utawala wa kupitia mikono ya watawala wa jadi, kodi ikusanywe kwa jina lao na faida iende kwingine, ni mambo tuliyoyaishi hadi baada ya Uhuru.

Kawawa: mwigizaji anayeikimbia filamu yake

Turudi nyumbani. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Tanganyika iliona kwamba filamu za mafundisho makavu hazivuti watu. Kati ya mwaka 1951 na 1953 ikafanya mkataba na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, itengeneze filamu za hadithi kwa Kiswahili, zenye waigizaji Waafrika. Katika filamu za kipindi hicho zimo Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Tuzingatie umiliki: fedha ni za serikali ya kikoloni, kampuni ni ya Afrika ya Kusini ya makaburu, hadithi inapita kwenye meza ya ofisi ya Mwingereza. Cha Mwafrika ni sura, sauti na lugha.

Mwigizaji aliyeng'ara katika Muhogo Mchungu alikuwa Rashidi Kawawa. Alikuwa amesoma Tabora, akaingia katika utumishi wa serikali, upande wa maendeleo ya jamii. Filamu hiyo inahusu mtu wa shamba na vishawishi vya Dar es Salaam, na watu waliipenda sana. Waliipenda kwa sababu nzuri: kwa mara ya kwanza walimwona mtu wao akizungumza lugha yao, akichekesha kwa vichekesho vyao, na mitaa waliyoijua ikionekana nyuma yake. Tusiidharau furaha hiyo. Mwigizaji hodari anaweza kutia utu hata katika hadithi aliyoandikiwa na bwana.

Lakini tuuchambue ujumbe. Kisa cha namna hiyo kinasema tatizo la mtu wa shamba ni ushamba wake. Mji una wajanja, yeye hana ujanja, basi afadhali angebaki kwao. Kodi haimo. Kipande hakimo. SILABU haimo. Kijana wa Kumsenga angeitazama filamu hiyo na kucheka, lakini asingejiona humo, kwa sababu yeye hakuondoka kwa kupenda na wala hakuwa na hiari ya kubaki. Utawala ulikuwa na sababu ya kupenda hadithi ya mtu anayerudi shamba, maana ulikuwa unaogopa vijana wasio na kazi kujaa Dar es Salaam. Wakati huo huo uchumi wake ulitaka vijana hao hao wajae mashamba ya mkonge.

Hapa ndipo maisha ya Kawawa yanapokuwa na funzo kubwa kuliko filamu zake. Katika kazi hiyo hiyo ya maendeleo ya jamii alipelekwa Urambo, miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa huko wakati wa vita vya Mau Mau. Katika utumishi aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA. Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kuingia katika siasa. Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, yaani TFL, Kawawa akawa Katibu Mkuu wake, na baadaye akaacha kazi ya serikali akashika kazi ya wafanyakazi na ya TANU waziwazi.

Angalia alipofikia. Katika filamu alikuwa mbele ya kamera ya mtu mwingine akisema maneno ya mtu mwingine. Katika TFL alizunguka kuunganisha makuli wa bandarini, madereva, watumishi wa majumbani na manamba. Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo Pudovkin aliyoifanya kwa vipande vya filamu. Mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde waligoma kwa zaidi ya miezi 2. Mtu aliyetoka Buha, aliyefundishwa na kadi ya kipande kuhesabu siku zake peke yake, sasa aliona siku zake zimo katika hesabu moja na siku za mwenzake. Kwa maneno mengine, kisa cha Mwisho wa St. Petersburg, cha mtu wa shamba anayejifunza umoja katika mapambano, kilikuwa kinatendeka Tanganyika bila filamu.

Mwezi Januari 1962 Mwalimu Nyerere alipojiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakijenge Chama, aliyeachiwa kiti hicho alikuwa Kawawa. Baadaye akawa Makamu wa Pili wa Rais, Waziri Mkuu tena kuanzia mwaka 1972 hadi 1977, kisha Katibu Mkuu wa Chama kutoka 1982. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Mgongano: mwanamapinduzi akiwa serikalini

Makala ya nadharia yasiyotaja migongano ni ngonjera tu. Kuna migongano miwili ambayo hatuna budi kuitaja.

Wa kwanza unamhusu Pudovkin. Mwaka 1946 alitengeneza filamu juu ya Amirali Nakhimov, akiigiza mwenyewe nafasi ya Menshikov. Kamati Kuu ya chama cha Kisovieti, katika azimio lake la Septemba mwaka huo juu ya sinema, ilimkosoa hadharani kwamba hakuisoma historia na amejaza dansi badala ya vita. Akaitengeneza upya kama alivyotakiwa, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Stalin. Filamu zake za miaka hiyo zina ufundi, lakini ni vigumu kupata ndani yake moto wa mwaka 1927. Aliyekuwa amewafundisha watu kuunganisha mambo wenyewe sasa aliunganishiwa na kamati.

Wa pili unahusu Tanganyika. Mwaka ule ule wa 1962, katika serikali iliyoongozwa na aliyekuwa kiongozi wa TFL, ilipitishwa sheria ya usuluhishi wa migogoro ya kazi iliyofanya mgomo halali kuwa jambo gumu sana. Mwaka 1964 TFL ikavunjwa na mahali pake pakawekwa NUTA, iliyofungamana na TANU. Hoja ya wakati huo inajulikana: nchi ni changa, adui ni umaskini, wafanyakazi wenye mshahara ni wachache na wakulima ni wengi, na serikali ni yao. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo ni kweli pia kwamba tangu hapo mfanyakazi aliyekuwa na malalamiko alimkuta kiongozi wa chama chake na kiongozi wa serikali wamekaa upande mmoja wa meza.

Hatusemi haya kuwashusha watu hawa wawili. Tunasema kwa sababu kada anayesoma historia ya ushindi tu hatakuwa tayari siku atakapokutana na mgongano wa namna hiyo katika wilaya yake.

Sinema yetu baada ya Uhuru: kujikosoa

Baada ya Uhuru serikali ilianzisha kitengo chake cha filamu, na mwaka 1968 ikaundwa Tanzania Film Company. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilitoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuinadi siasa ya ujamaa vijijini. Humo pia yumo maskini anayetafuta maisha. Safari hii mwisho wake ni kijiji cha ujamaa.

Shabaha ilikuwa sahihi. Kwa mara ya kwanza filamu ya Kiswahili iliutaja umaskini kuwa ni jambo la mfumo, si la ushamba. Lakini tulinganishe filamu na Kumsenga. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, iliyowahamishia watu wa mkoa huo katika vijiji. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba nchi nzima iwe imehamia vijijini kufikia mwisho wa 1976. Ujamaa ulioelezwa na Chama ulikuwa wa hiari. Uhamishaji, katika sehemu nyingi, ulikuwa wa amri, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Wazee wa Buha walikuwa wanakumbuka kuhamishwa kwa ajili ya malale katika miaka ya 1930. Mtu aliyehamishwa mara mbili katika maisha yake, na wakoloni na kisha na serikali yake mwenyewe, alikuwa na haki ya kuuliza tofauti iko wapi. Tofauti ilikuwepo: safari hii zilikuja shule, zahanati na bomba la maji mahali pengi. Lakini swali lake halikupata nafasi katika filamu yoyote. Mkulima alibaki mwanafunzi, na mwalimu akabadilika rangi tu.

Tulikuwa na mfano bora zaidi mikononi mwetu wenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Baada ya kipindi walijadiliana, wakaamua nini kifanywe kwao, wakachimba vyoo na kufyeka madimbwi ya mbu. Hakuna aliyedai kwamba mkulima hataelewa habari za mbu. Siri ya kampeni hiyo haikuwa redio. Ilikuwa yale majadiliano.

Na Warusi nao walikuwa na mfano wa sinema ya namna hiyo, ingawa hausemwi sana. Mwaka 1932 mwongozaji Alexander Medvedkin alisafiri kwa siku 294 katika treni iliyokuwa na maabara ya kusafishia filamu na chumba cha kuonyeshea. Walifika mgodini au katika shamba la pamoja, wakapiga picha kasoro zilizokuwepo, wakazitengeneza haraka, wakawaonyesha watu hao hao na kuwauliza: haya ni yenu, mtafanya nini? Zilitengenezwa filamu takriban 70. Lori la Vugiri lilileta majibu yaliyotengenezwa kwingine. Treni ya Medvedkin ilileta swali lililotengenezwa pale pale.

Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, hakuna filamu isiyo na upande. Inayosema tatizo la mkulima ni ujinga wake imeshachagua upande wa yule anayenufaika na kazi yake, hata kama inachekesha na hata kama mwigizaji wake ni ndugu yetu.

Pili, dharau kwa akili ya mkulima si mali ya wakoloni peke yao. Kila kada anayesimama mbele ya mkutano akarudia jambo moja polepole, akikwepa kueleza uhusiano wake na mambo mengine kwa kudhani watu hawataelewa, anafuata nadharia ya Sellers bila kuijua. Pudovkin alithibitisha mwaka 1927 kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kuona soko la hisa na handaki la vita kuwa jambo moja.

Tatu, ukombozi wa chombo si lazima uwe ukombozi wa anayeonyeshwa. Kampuni ya Johannesburg iliondoka, ikaja yetu, nayo baadaye ikatoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vitambaa vyeupe vilisimamishwa tena Kibondo na Kasulu, katika kambi za wakimbizi, na mashirika ya kigeni. Leo kijana wa Kumsenga mwenye simu ana kamera mkononi, jambo ambalo si Pudovkin wala Kawawa aliyeliota. Kazi ya kada si kumwandikia hadithi. Ni kukaa naye, kama vile vikundi vya mwaka 1973, na kumsaidia kuunganisha: bei ya maharage yake na bei ya mbolea, barabara yake na bajeti, kuondoka kwa ndugu yake na kile kinachomwondoa.

Watu wa Kumsenga wanajua kwamba muhogo mchungu hautupwi. Huloweshwa, huanikwa, husagwa, ukawa ugali wa watu wote. Ndivyo tunavyopaswa kuitendea historia hii, pamoja na uchungu wake.